Soketi ya kuchomoza kwenye kaunta ya graniti

Dada, umeuliza kama soketi ya kuchomoza (inayoinuka kutoka ndani ya kaunta na kushuka tena) yenye nafasi tatu za plagi inafaa kaunta ya jikoni, karibu na sinki. Inafaa, ila isogeze: angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki, na iwe IP54, yaani kiwango cha kuzuia vumbi na maji ya kurukia. Angalia sana hapo, kwa sababu nyingi huzuia maji zikiwa zimefungwa tu. Ikiinuka, gasketi, ule mpira wa kuziba maji, haishiki tena.

Kabla jiwe halijatobolewa, fungua kabati la chini. Mwili wa soketi hushuka sentimita 30 hadi 45, na droo ndiyo hukwama hapo. Pima kipenyo kwenye soketi yenyewe uliyonunua, usiamini karatasi ya duka, maana graniti ikitobolewa kubwa hairudi.

Shida kubwa ni mzigo. Nyingi huja na waya mmoja wenye plagi ya fyuzi ya ampea 13. Birika la wati 3,000 kwa volti 240 hula ampea 12.5 peke yake. Ukiwasha na tosta, unapita kiwango cha fyuzi, na inaweza kukatika. Laini ya soketi hiyo ilindwe na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya milliampea 30, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Ya dawati la ofisi, pasipo maji, IP20, isiyozuia maji, inatosha.