Miwani ya baiskeli: itazame kwanza ikiwa nyeupe

SWALI

Shikamoo mama. Ninaishi Kisongo na kazi yangu ipo Arusha mjini, naenda na kurudi kwa baiskeli. Asubuhi natoka saa kumi na mbili kamili, bado kuna giza, na jioni natoka kazini saa kumi na mbili kasoro robo. Jumamosi napanda Monduli na wenzangu na tunarudi na jua la saa saba. Vumbi na wadudu vimenichosha, macho yananiwasha kila jioni. Nataka miwani moja inayobadilika, asubuhi iwe nyeupe na mchana iwe nyeusi. Duka la miwani mjini wamenitajia shilingi 280,000. Kijana anayetembeza miwani stendi ana za 15,000 na anaapa kwamba nazo zinabadilika. Mimi nina 60,000. Nitapata kitu cha maana, au nisubiri nikusanye?

Msomaji, Kisongo

JIBU

Marahaba mwanangu. Usisubiri. Macho yanayowasha kila jioni yanaumia sasa, na 60,000 inatosha kupata miwani nzuri ukijua unachokitafuta. Mimi ni fundi wa kukata lenzi hapa Tanga, na kazini naenda kwa baiskeli, kwa hiyo swali lako nalijua kwa pande zote mbili.

Karibu kila anayekuja kuulizia miwani hizi huitoa nje juani, akiona imekuwa nyeusi anaridhika na kulipa. Nakuomba uanzie upande wa pili. Wewe unaondoka nyumbani gizani na malori yanakupita ubavuni. Jambo la kwanza kwako ni kujua miwani hiyo inapitisha mwanga kiasi gani kabla haijaona jua.

Ndani ya mkono wa fremu, au kwenye kikaratasi kinachokuja nayo, tafuta maandishi kama "Cat. 0-3" au "Cat. 1-3". Hivyo ni viwango vya miwani ya jua. Namba 0 hupitisha asilimia 80 ya mwanga au zaidi, 1 hupitisha kati ya 43 na 80, 2 kati ya 18 na 43, na 3 kati ya 8 na 18. Namba 4 ni ya kwenye theluji, haifai kabisa kuendeshea chombo barabarani. Utaratibu huo huo unasema lenzi inayopitisha chini ya asilimia 75 isitumike kuendeshea usiku wala wakati wa magharibi. Sasa fikiria miwani iliyoandikwa 1-3: huenda hata sebuleni inapitisha nusu tu ya mwanga. Saa kumi na mbili asubuhi utaliona shimo ukiwa umeshaingia. Chukua inayoanzia 0. Ikiishia 2 badala ya 3, ichukue tu. Mimi 0-2 naipenda kuliko 1-3 kwa mtu wa safari zako.

Kinachozibadilisha lenzi hizi si ukali wa mwanga unaouona. Ni miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana, inayounguza ngozi. Ndani ya plastiki ya lenzi kuna molekuli ambazo zikipigwa na miale hiyo hufunguka na kuzuia mwanga. Miale ikiondoka, joto la kawaida huzirudisha zilivyokuwa. (Za zamani za kioo, ambazo kampuni ya Corning ya Marekani ilizileta miaka ya 1960, zilitumia chembechembe zenye madini ya fedha. Kwa baiskeli achana na kioo cha aina yoyote. Kikivunjika mbele ya jicho ni balaa.)

Hili nataka ulielewe vizuri kabla hujatoa pesa, kwa sababu linaigusa njia yako moja kwa moja. Jua likiwa chini kabisa, miale ya urujuanimno hupita kwenye hewa nyingi na sehemu kubwa huishia njiani. Wewe asubuhi unaelekea mashariki. Saa moja kasoro jua limekukaa usoni, unafinya macho, na lenzi bado ni nyeupe. Jioni unaelekea magharibi na hali ni ile ile. Usiirudishe dukani ukidhani ni mbovu. Nunua kofia nyepesi ya kitambaa yenye ukingo mfupi, ile wanayovaa waendesha baiskeli chini ya helmeti, na jua likikuchoma inamisha kichwa kidogo. Saa hiyo ukingo ule unafanya kazi ambayo lenzi ya kubadilika haiiwezi, hata ya bei kubwa.

Jioni, baada ya jua kuzama, lenzi ya kubadilika itakufaa sana. Huku kwetu giza halichelewi, dakika ishirini na kitu tu na barabara haionekani. Lakini ile miale hupungua mapema, jua likiwa bado lipo, kwa hiyo lenzi inaanza kurudi nyeupe kabla hujaihitaji iwe nyeupe. Pa kuwa mwangalifu ni Jumamosi, mnaposhuka kwa kasi kutoka Monduli na kuingia ghafla kwenye kivuli kizito. Lenzi huwa nyeusi ndani ya dakika moja hivi, ila kurudi nyeupe huchukua dakika kadhaa. Punguza mwendo kabla ya kivuli, si ukishaingia.

Hali ya hewa ya Arusha inakusaidia. Lenzi hizi huwa nyeusi zaidi penye baridi kuliko penye joto. Hapa Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana, huishia kijivu cha kati tu, na wateja wangu hulalamika. Lenzi ile ile kwenye baridi ya Julai huko kwenu ingekolea vizuri. Tena mko kama mita 1,400 juu ya bahari, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Hiyo pia ndiyo sababu nakutaka uvae kitu.

Kuhusu kijana wa stendi: usimkatalie, wala usimwamini, ijaribu miwani yake. Funika katikati ya lenzi kwa kipande cha karatasi nene, ishike juani dakika mbili, toa karatasi, kisha itazame juu ya kitu cheupe. Kama inabadilika kweli, utaona umbo la karatasi limebaki jeupe katikati ya weusi. Kukiwa na mawingu, ulizia ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Wenye vibanda vya kutuma pesa baadhi wanayo. Imulike lenzi ikiwa mkononi, kamwe isiwe usoni, na ndani ya sekunde chache doa jeusi litatokea. Fanya hivyo kwa lenzi zote mbili, na hakikisha zinakolea sawasawa. Nimeona miwani ambayo lenzi moja inabadilika na nyingine imelala.

Ikishindwa hapo, iache hata akikushushia hadi 5,000. Lenzi nyeusi isiyozuia urujuanimno inaweza kuwa mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mboni hupanuka kwenye giza lile na kuiachia miale nafasi ya kuingia. Maandishi ya UV400 yanamaanisha lenzi inazuia miale hiyo hadi urefu wa wimbi wa nanomita 400, yaani karibu yote, lakini kibandiko anaweza kukichapa yeyote. Ingia duka la miwani lenye kifaa cha kupimia, omba wakupimie, ni kazi ya nusu dakika. Mimi simtozi mtu kwa hilo. Na ulizia lenzi ya polikaboneti: plastiki hiyo yenyewe huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe, na kokoto ikirushwa na tairi la lori haipasuki vipande.

Kwa bajeti yako utakachopata ni miwani za China zinazoagizwa mtandaoni. Rockbros inajulikana sana kwa waendesha baiskeli na ina aina kadhaa za kubadilika. Soma maelezo kwa utulivu, maana kampuni hizo hizo huuza fremu zinazofanana zenye lenzi zisizobadilika, na picha hazitofautiani. Julbo ya Ufaransa na Rudy Project ya Italia wanatengeneza za kubadilika zilizo bora zaidi, zinabadilika kwa upana mkubwa na huonyesha picha safi pembeni, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ulichonacho na barabara ya Kisongo haikudai hivyo. Ukikosa kabisa ya kubadilika iliyofaulu jaribio, nunua fremu inayokuja na lenzi mbili za polikaboneti za kubadilishana kwa mkono, nyeupe na nyeusi. Nyeupe ya siku za kazi, nyeusi ya Monduli. Huo ni uamuzi mzuri kabisa. Lenzi hizo hazichoki, wakati za kubadilika zikitumika kila siku huanza kupoteza nguvu baada ya miaka miwili au mitatu.

Nenda kujaribu ukiwa na helmeti yako. Vaa vyote viwili, inama kama uliyeshika usukani, tikisa kichwa. Miwani isiteleze, mikono ya fremu isigongane na helmeti, na kope zisiguse lenzi. Kwa sababu ya vumbi nataka iliyopinda kufuata uso, yenye nafasi ndogo kwenye mashavu na kwenye nyusi, ila iwe na vitundu vya hewa, la sivyo itajaa mvuke kwenye mlima wa kwanza. Iliyopakwa rangi inayong'aa kama kioo cha kujitazamia usiichukue, inakupunguzia mwanga wa alfajiri bila sababu.

Vumbi la huko ni mchanga mtupu. Usiifute kwa fulana. Mimina maji kwanza, weka tone la sabuni ya vyombo, sugua kwa vidole, suuza, kisha ndipo kitambaa laini. Ukifika kazini iweke kwenye mfuko wake. Kuiacha dirishani juani ni kuizeesha bure.

Na macho hayo yanayowasha yakaonwe. Jua, upepo na vumbi kwa pamoja huotesha kinyama kinachotambaa kutoka kwenye kona ya jicho kuelekea kwenye mboni, na kikiwahiwa ni rahisi kukidhibiti. Ukiona wekundu usioisha au kitu kimeota pembeni, hospitali ya KCMC pale Moshi wana idara ya macho inayoheshimika. Usitie dawa ya jicho aliyopewa jirani.

SWALI

Dada yangu, mimi ni mwalimu Dodoma, nina miaka 52 na ninavaa miwani ya kuona mbali, vipimo ni -2.50 macho yote. Naendesha baiskeli jioni kwa ajili ya sukari. Upepo wa hapa unaujua. Je, hizi za kubadilika za baiskeli zinaweza kuwekwa vipimo vyangu?

Mwalimu, Dodoma

JIBU

Inawezekana kaka, kwa njia mbili. Ya kwanza ni miwani ya baiskeli yenye kifremu kidogo kinachopachikwa ndani, nyuma ya lenzi kubwa. Fundi anakata lenzi zako za kawaida na kuzitia humo. Ndiyo rahisi zaidi kwa mfuko, na lenzi ya nje ikichakaa unabadilisha hiyo tu. Ubaya wake ni mvuke na kusafisha nyuso nne.

Ya pili ni kutengeneza miwani yako ya kawaida kwa lenzi za plastiki za kubadilika, kwenye fremu pana inayokaa karibu na uso. Kwa -2.50 hilo halina shida. Usikubali tu kutiliwa vipimo moja kwa moja kwenye fremu iliyopinda sana, kama fundi hana uzoefu nayo. Pembeni utaona barabara imelala na kichwa kitauma. Na kwa kuwa umetaja sukari, nakusihi kaka, kila mwaka pimwa sehemu ya nyuma ya jicho kwa daktari wa macho, hata kama unaona vizuri. Kipimo cha kununulia miwani hakitoshi.

SWALI

Mama shikamoo. Mimi ni bodaboda Kisumu. Nilinunua miwani ya kubadilika, nikiwa nimesimama kijiweni inakuwa nyeusi, nikianza safari inarudi nyeupe. Nimeibiwa?

Msomaji, Kisumu

JIBU

Marahaba. Hujaibiwa. Ukianza safari unashusha kioo cha helmeti, na kioo hicho cha plastiki kinazuia urujuanimno, kwa hiyo lenzi haipati cha kuiamsha. Ndivyo inavyokuwa pia nyuma ya kioo cha mbele cha gari. Panda ukiwa umeinua kioo kwa dakika moja juani, pikipiki ikiwa imesimama, utaiona inabadilika. Kwa kazi yako vaa miwani ya jua ya kawaida ya namba 2 mchana, nayo uivue jioni, na kioo cha helmeti kiwe cheupe kisicho na mikwaruzo. Ile ya kubadilika mpe anayeendesha baiskeli.