Maswali ya Kazi na Mshahara: Simu ya usiku wa manane ina bei gani?

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina kampuni ndogo Mikocheni, tunahudumia vyumba vya baridi na majokofu ya mabucha, hoteli na maduka ya dawa. Mafundi wangu ni wanne. Tunafungua saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumamosi hadi saa 7 mchana. Baada ya hapo fundi mmoja anabaki na simu ya ofisi kwa zamu ya wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Huwa nampa 50,000 kwa wiki, basi. Sasa wananung'unika. Nilipe nini hasa?
Mwajiri, Mikocheni

JIBU: Hiyo 50,000 umeibebesha mizigo mitatu: kusubiri, kumwelekeza mteja kwa simu, na kutoka kwenda kwa mteja. Kila mmoja una hesabu yake, na mafundi wako wananung'unika kwa sababu wiki yenye simu mbili na wiki yenye simu kumi na tano zinalipwa sawa.

Tuanze na kusubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikupanga kiwango cha posho ya kuitwa kazini kwa kampuni kama yako, kwa hiyo kinachotawala ni mkataba. Angalia lakini unamfunga kiasi gani. Fundi anayeruhusiwa kuwa nyumbani, msibani au uwanjani mradi simu iko hewani, huyo anapumzika. Ukimwambia awe kwa mteja ndani ya nusu saa, na anakaa Kibada, kule Kigamboni, umemzuia kila kitu. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mzimamoto wa mji wa Nivelles, Ubelgiji, aliyetakiwa kufika kituoni ndani ya dakika 8 akitokea nyumbani. Muda huo wa kusubiri ukahesabiwa kuwa wa kazi. Hukumu hiyo haiwabani waajiri wa Tanzania, ila hoja yake inaeleweka hata Goba. Weka muda wa kufika unaolingana na jiji lenyewe: saa moja na nusu kwa kawaida, na kwa wateja wa dawa fundi aanze kwa kumwelekeza mteja kwa simu.

Kiwango tunachopendekeza (ni pendekezo letu, si amri ya sheria) ni mshahara wa saa moja kwa kila usiku wa siku ya kazi, na wa saa mbili kwa Jumapili au sikukuu.

Mshahara wa saa unaupataje? Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, bila posho yoyote, ugawe kwa 4.333 (wastani wa wiki katika mwezi), kisha kwa saa za kawaida za wiki. Kwako ni saa 45, ukiondoa saa moja ya mapumziko ya mchana. Fundi wa 780,000 anapata 4,000 kwa saa.

Kazi yenyewe, iwe ya simu au ya spana, huwezi kupatana kuilipa chini ya kiwango cha sheria. Saa za ziada ni mara moja na nusu, yaani 6,000. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi unaongeza asilimia 5, nayo inapigwa juu ya kiwango cha saa za ziada: 6,300. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili: 8,000. Sasa chukua wiki ya kawaida: saa 2 za jioni (12,000), saa 5 za usiku (31,500), saa 3 za Jumapili mchana (24,000). Ni 67,500, na kusubiri hujakulipa. Ongeza 32,000 ya kusubiri (usiku sita kwa 4,000, na Jumapili 8,000), inakuwa 99,500.

Ukitaka kubaki na malipo ya mkupuo, sawa, ila kila mwezi uyalinganishe na hesabu hii na ulipe kinachopungua. Yote yapite kwenye hati ya mshahara na yakatwe PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kumpa mkononi hakuyaondoi kwenye kodi.

Panapowaponza waajiri wengi ni mapumziko. Mfanyakazi hapaswi kuzidisha saa 12 za kazi kwa siku, saa za ziada zisizidi 50 kwa wiki nne, na kati ya kumaliza kazi na kuanza tena awe na saa 12 mfululizo. Fundi ametoka saa 11 jioni, ukamwita saa 8 usiku, akamaliza saa 10 alfajiri. Kabla ya simu alipumzika saa 9. Hadi saa 2 asubuhi zitakuwa 4. Hakuna kipande kilichofika 12, kwa hiyo siku hiyo asije kazini, ungojee hadi kesho yake. Sheria inalegeza ukomo huu kwa dharura isiyoweza kufanywa saa za kawaida. Kompresa inayozima kila Jumanne kwa sababu haijasafishwa kondensa, hiyo kwetu si dharura, ni matengenezo yaliyoahirishwa. Ihudumie mchana, utaokoa fedha zaidi kuliko kubana posho.

Nunua kauntabuku. Kila simu iandikwe: saa ilipoingia, saa ilipoisha, mteja, kilichofanyika, sahihi. Kubalianeni kwamba simu fupi inahesabiwa dakika 15, na kutoka kunahesabiwa tangu fundi anapofunga mlango wa kwake hadi anaporudi. Nauli ya bodaboda au bajaji ni juu ya ofisi, kwa sababu usiku wa manane huwezi kumwambia apande mwendokasi. Mwisho wa mwezi linganisha daftari na orodha ya simu kwenye kifaa chenyewe. Haya yote yaandikwe kama nyongeza ya mkataba, mkishauriana. Likitokea shauri na huna maandishi, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe.

SWALI: Shikamooni. Bosi wangu ananipa vocha na bando la mwezi, anasema hayo ndiyo malipo ya simu za usiku. Ni halali?
Fundi, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Marahaba. Bando ni kitendea kazi, kama spana. Saa ulizofanya kazi zinalipwa fedha. Piga picha ya orodha ya simu kabla haijajifuta, jumlisha saa zako kwa hesabu ya hapo juu, mwandikie barua ubaki na nakala iliyopokelewa. Akikaa kimya, jaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), umpe mwajiri nakala, kisha uiwasilishe ukiwa na uthibitisho kwamba ameipata. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60. Ukisubiri "mwakani" utaanza kwa kuomba msamaha wa kuchelewa.

SWALI: Nimeitwa "meneja wa zamu" na ofisi inasema mameneja hawana saa za ziada. Kweli?
Msomaji, Tabata

JIBU: Cheo pekee hakitoshi. Wanaoachwa nje ya masharti ya saa ni wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kama huna unayemsimamia na kazi yako ni kupokea simu, dai saa zako.