Kitubio cha kwanza: itaje dhambi kwa jina lake na idadi yake

Wewe uliyebatizwa ukubwani, mkesha wa Pasaka, katika kitubio, yaani sakramenti ya kuungama kwa padre, huungami dhambi za kabla ya ubatizo. Maji yale yamekwisha kuziondoa zote, ya asili na zile ulizotenda mwenyewe. Unaungama yaliyotokea tangu hapo. Aliyebatizwa kihalali katika dhehebu jingine na sasa anapokelewa katika Kanisa Katoliki habatizwi tena, kwa hiyo yeye anaungama kabla ya kupokelewa, akianzia kwenye ubatizo wake ule wa zamani.

Darasani mlikariri mambo matano: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama na kutimiza malipizi, yaani sala au tendo analokupa padre. Wengi huruka moja kwa moja hadi la nne. Wanapanga foleni Jumatano ya Wiki Kuu, wanafika mbele ya padre, ndipo wanaanza kukumbuka. Tenga robo saa jioni ya kuamkia siku hiyo, upitie Amri Kumi moja moja, kisha wajibu wa hali yako: mzazi, mfanyakazi, mwanafunzi. Ukiona utasahau, andika kwenye karatasi na uichane baadaye. Usiandike kwenye simu ambayo nyumba nzima inaijua namba yake ya siri.

Dhambi ya mauti ina masharti matatu kwa pamoja: jambo lenyewe ni zito, ulijua ni zito, na ulitaka kwa hiari. Hizo ndizo unazolazimika kuungama, kila moja kwa aina yake na idadi yake, walau mara moja kwa mwaka. Nyepesi hazilazimiki, ingawa kuziungama kunafaa sana.

Hapo kwenye aina na idadi ndipo pagumu. Mtu anasema, "Padre, nimekuwa na upungufu katika mambo ya fedha." Hajaungama kitu. Linganisha na hili: "Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Nimechukua fedha za wanachama mara tatu, jumla shilingi elfu themanini, na daftarini nikaandika kwamba zimekopeshwa." Sentensi mbili tu, na padre ameshajua kuna wizi, kuna uongo, kuna watu wanaodai. Anaweza kukusaidia. Kama idadi huikumbuki, kisia kwa ukweli: "karibu kila wiki, kwa miezi miwili." Kama hali inabadilisha aina ya dhambi, itaje: kulala na mtu aliye na ndoa ni uzinzi, hata kama wewe hujaoa. Jina la mwenzako halihitajiki. Wala usiungame dhambi za mumeo, mkweo au bosi wako. Foleni ni ndefu na wao wana miguu yao.

Kuondolewa dhambi hakufuti deni. Zile elfu themanini zinarudi kwa wenyewe. Si lazima ujitangaze mbele ya kikundi. Tafuta njia ya kuzirudisha bila kujifedhehesha, na kama huna zote, lipa kidogo kidogo. Mwenye mali akiwa amefariki, wape warithi wake. Kosa la kawaida hapa ni kuzitia kwenye kapu la sadaka ili roho itulie. Maadamu mwenyewe anajulikana, kapu si mahali pake. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne; wewe anza na kiasi ulichochukua na hasara uliyosababisha.

Malipizi yatimize siku hiyohiyo, kabla hujatoka kanisani ikiwezekana. Padre akikupa jambo usiloliweza, mwambie palepale akubadilishie.

Ukisahau dhambi nzito bila kukusudia, imesamehewa pamoja na nyingine. Itaje safari ijayo. Ukiificha makusudi kwa aibu, kitubio chote ni batili, na utalazimika kurudia yote. Aibu hiyo haina msingi: padre anayetoboa siri ya kitubio waziwazi hujitenga na Kanisa kwa tendo lenyewe, na hakuna mahakama wala askofu anayeweza kumruhusu aseme.

Kuna jambo moja ambalo foleni ya kitubio hailimalizi. Mnaoishi pamoja bila ndoa, na hamjaamua kufunga ndoa wala kuachana kimwili, hamwezi kuondolewa dhambi, kwa sababu kusudi la kuacha halipo. Msizunguke parokia za mbali mkitafuta padre asiyewajua. Nendeni ofisini kwa paroko siku ya kazi, na vyeti vyenu vya ubatizo, mzungumze juu ya kutengeneza ndoa. Mara nyingi kinachokwamisha ni hofu ya gharama za sherehe, wakati ndoa inahitaji wenyewe wawili, padre na mashahidi wawili. Utii unaanzia hapo, ukumbi hauhusiki.

Kuhusu waliokukosea, Luka 17:3 ina mambo mawili: "mwonye, akitubu msamehe." Kusamehe hakukukatazi kumwonya, kudai chako, wala kwenda polisi. Hakukulazimishi kumkabidhi tena funguo za duka. Kunakukataza kumtakia mabaya na kulipiza.

Ukianguka tena katika dhambi ileile baada ya siku mbili, usingoje Kwaresima. Muulize padre saa anazoungamisha, parokia nyingi ni Jumamosi jioni, na urudi kwa padre yuleyule kama inawezekana, ili asianze kukujua upya.