Kuku aliyeng'atwa na kicheche: joto kwanza, dawa baadaye

Mkuu, pole kwa hasara. Umesema kicheche kaingia bandani usiku, kaua wawili, na tetea aliyebaki ana jeraha mgongoni na jingine chini ya bawa, hali wala hanywi, kajikunyata macho kayafumba. Majirani wanasema chinja, wewe unauliza ununue dawa gani. Mimi nafuga kienyeji huku Uyole, Mbeya, na nimeshauguza kuku wa kicheche, wa mbwa, hata mmoja aliyedondoshwa na mwewe.

Dawa isubiri kwanza. Kuku aliyeponyoka mdomoni mwa mnyama, usiku wa kwanza mara nyingi kinachommaliza ni mshtuko na baridi, kidonda kinafuata baadaye. Mwili wake unatakiwa uwe na nyuzi 41 hadi 42. Akishapoteza damu na manyoya, kwa baridi yetu ya Juni na Julai, hilo joto halishiki. Mtie kwenye boksi, tandika gunia safi au kanga kuukuu, mweke ndani ya nyumba penye giza na utulivu. Maranda tunayapata kwa wingi huku lakini kwa mgonjwa hayafai, yananata kwenye kidonda. Jaza maji moto kwenye chupa, izungushie kitambaa, ilaze pembeni ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Jiko la mkaa usithubutu kuliingiza chumbani. Hewa yake inaua watu, na ndege wanaondoka mapema zaidi.

Akianza kuinua kichwa mpe maji: lita moja iliyochemshwa ikapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mchovye ncha ya mdomo tu, aonje mwenyewe. Ukimmiminia kooni yanaingia kwenye mapafu, na hapo utasema kicheche ndiye aliyemuua.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe. Unachokiona mgongoni si chote, kwa sababu meno ya kicheche ni membamba na tundu linajificha chini ya manyoya. Puliza manyoya, kagua kwapani, mapajani, shingoni, mpaka karibu na njia ya haja. Yanayozunguka kidonda yakate kwa mkasi, usiyang'oe. Chukua maji yaliyochemshwa yakawa vuguvugu, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita, uyasukume kwa bomba la sindano bila sindano yenyewe, mpaka uchafu utoke. Tahadhari na hilo la chini ya bawa. Ukiona mapovu yanatoka akipumua, au ngozi imevimba na ukibonyeza inachezacheza kwa hewa, basi vifuko vya hewa vimetobolewa. Hapo usisukume maji, pangusa juu juu tu, yasije yakaingia ndani. Tundu dogo la namna hiyo huwa linajiziba.

Baada ya hapo paka ayodini uliyoizimua mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi. Mimi kwa kidonda kilicho wazi napaka na asali mbichi, ile ya Chunya, nabadilisha kila siku. Usishone. Meno yameacha uchafu ndani, ukifunga juu unaufungia humo humo, na usaha wa kuku haumiminiki ukatoka wenyewe, unaganda. Mafuta ya taa, spiriti, majivu, tumbaku, vyote acha. Shubiri sina ugomvi nayo, ila ukiitia kwenye maji ya mgonjwa anayagomea kwa uchungu, na maji ndiyo anayoyahitaji kuliko kitu kingine.

Siku ya pili au ya tatu utaona ngozi imegeuka kijani. Wengi wanachinja hapo wakidhani ameoza. Kijani ni damu iliyovilia, kuku ndivyo anavyovilia. Cha kuogopa ni nyama nyeusi yenye harufu. Inzi nao wasimguse, maana mayai yao yanaweza kuwa funza ndani ya siku moja.

Sasa dawa. Watu wanakimbilia OTC (oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria) ya unga kwenye maji, lakini kuku asiyekunywa haipati. Kama meno yameingia ndani, mwite afisa mifugo wa kata amchome sindano. Ukitumia ya maji, usimpe pamoja na chokaa ya mifugo wala maziwa, vinaishika dawa isifanye kazi. Mayai na nyama subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti, hata wageni wakija.

Kuchinja nakubali kama utumbo umetoka, mgongo umevunjika, au chakula kinavuja shingoni na huna daktari wa kukishona. Bawa lililovunjika peke yake si sababu. Unalifunga likae mwilini alivyolikunja, anapona.

Na wewe nawe, kama kicheche alikung'ata au kukukwaruza ulipomfukuza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yake.

Kicheche atarudi, tena labda usiku wa leo, maana ameshajua nyama iko wapi. Banda la mabanzi lina nyufa kuliko unavyodhani, na pale kichwa chake kinapopita, mwili nao unapita. Ziba, kisha chimba kuzunguka banda ufukie wavu mgumu, kwa sababu anafukua.

Tetea usimrudishe kwa wenzake kabla ngozi haijafunga. Wakiona wekundu watamdonoa mpaka wamuue. Ukimrudisha, mwingize usiku wakiwa wamelala, na asubuhi uwepo. Kutaga kutakuwa kumesimama, mwache mpaka manyoya yarudi.