Mwanangu, mwani hauli urea

Mwanangu,

Marahaba. Huku Tanga sote wazima. Umeniuliza mwani unakula nini ilhali hauna mizizi wala haupigwi mbolea, na kama kikundi chenu hapo Mlingotini kifunge viroba vya urea kwenye vigingi, kwa kuwa mwezi wa kwanza cottonii yenu, ile aina ya mwani mnayopanda, ilipauka ikakatika. La urea nalijibu kwanza: msifunge.

Mwani hula kwa mwili wake wote. Kaboni huipata majini, maana hewa ukaa ya angani huyeyuka baharini na sehemu kubwa yake hugeuka bikaboneti, yaani kaboni iliyoyeyuka majini. Bahari za dunia zimebeba kaboni kiasi cha mara 50 ya ile iliyo angani, kwa hiyo hapo hakuna njaa. Potasiamu nayo imo tele katika maji ya chumvi. Vinavyopungua ni nitrojeni na fosforasi. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, lakini mwani hauwezi kuigusa mpaka bakteria waigeuze kuwa amonia au naitreti. Fosforasi karibu haina njia ya angani. Inamong'onyoka kwenye miamba, kwenu nyie ile ya Uluguru, inateremka na tope la Ruvu, inaliwa na vijimea vidogo vya baharini, vinaliwa na samaki, samaki ananya au anakufa, bakteria wa mchangani wanaiachia tena majini. Chembe ileile huliwa mara nyingi kabla haijazikwa sakafuni.

Nishati haina mzunguko huo. Mwanga wa jua unaingia mchana, mwani unauweka katika sukari, na kila anayekula sukari hiyo anaupoteza kama joto lisiloweza tena kuwa chakula. Lazima uje mwingine kesho. Maji yakiwa ya tope, mwani hudumaa hata kama chakula kimejaa.

Sasa sikiliza hili, ndilo lenye uzito. Kila tawi la mwani limezungukwa na utando mwembamba wa maji yaliyotulia. Mwani ukishamaliza chakula cha utando huo, unangoja mkondo uuondoe na kuleta mwingine. Mkondo unaofaa ni wa mita 20 hadi 40 kwa dakika. Pimeni: simikeni vijiti viwili kwa umbali wa mita 10, achieni kumbi la nazi, hesabuni sekunde. Likifika kati ya sekunde 15 na 30, pazuri. Likichukua dakika nzima, mwani una njaa katikati ya chakula. Likipita kwa sekunde 8, kamba zitakatika.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Ukiufunga kwenye kigingi, nyingi itaondoka na maji ya kupwa. Kidogo kitakachobaki kitawahiwa na magugu ya kijani, yale mepesi kama karatasi, kwa sababu uwembamba wao unawapa eneo kubwa la kunyonya kwa kila gramu. Yatazinga kamba, yataziba jua na kupunguza mkondo. Mtakuwa mmelipa pesa kulisha adui.

Yaliyowapata mwezi wa kwanza ni joto. Wakati wa kaskazi jua liko juu yetu, na mkondo wa pwani yetu unaokwenda kaskazini hupungua kasi. Kwenye bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, kisha yale machache yaliyobaki yanapikwa na jua la adhuhuri. Cottonii hukaa vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Ikizidi hapo inadhoofika, bakteria wanaingia, tawi linakuwa jeupe, linalainika na kukatika. Kwenye masika ugonjwa huohuo huja kwa mlango mwingine, mvua ikipunguza chumvi ya maji.

Kaskazi ijayo hamisheni kamba za cottonii mahali ambapo maji ya kupwa ya bamvua hayashuki chini ya nusu mita. Kwenye maji mafupi wekeni spinosum, aina nyingine ya mwani, inavumilia zaidi. Mkiona weupe, kateni mpaka kwenye sehemu nzima na vueni mapema. Msiache vipande vioze palepale. Mbegu iwe ncha changa, gramu 100 hivi, kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25, na mvune wiki ya sita. Msing'oe nyasi za bahari kusafisha eneo, nakusihi. Zinashika mchanga usipande kwenye mwani, na chini yake ndiko uozo unakogeuka chakula. Tafuteni sehemu ya mchanga mtupu.

Kila tani ya mwani mkavu mnayouza, iliyotoka kwenye tani saba au nane za mbichi, inaondoka na kama kilo 10 za nitrojeni. Hizo hazirudi zenyewe. Zinafidiwa na maji mapya yanayopita, kwa hiyo acheni mapengo kati ya shamba na shamba ili walio nyuma nao wafikiwe na mkondo.

Bamvua lijalo pima joto majini saa nne, saa sita na saa nane, kwenye kamba ya kwanza na ya mwisho, uniandikie namba hizo pamoja na sekunde za kumbi.

Mama yako