Mkaguzi wa serikali kwenye kituo cha nyuklia ana uwezo gani?

Swali: Nasikia Marekani kila kituo cha umeme wa nyuklia kina wakaguzi wa serikali wanaoshinda humo humo. Wakiona hatari wanaweza kuzima kinu? Na kwa kukaa na kampuni miaka yote hiyo, haitawatia mfukoni? (Msomaji, Kilifi)

Jibu: Kuzima, hapana. Swichi za kinu hushikwa na waendeshaji wenye leseni tu. Mkaguzi akiona hatari humwambia msimamizi wa zamu papo hapo, kisha huipigia simu ofisi ya kanda ya NRC, tume inayodhibiti nyuklia. Amri ya kuzima hutoka kwenye tume.

Nguvu yake ni ruhusa ya kuingia. Kanuni zinailazimisha kampuni impe ofisi ndani ya kituo na imwache apite bila kucheleweshwa, na zinakataza wafanyakazi kutangaziwa kwamba mkaguzi amefika. Asubuhi huanzia chumba cha kuongozea mitambo: husoma daftari la zamu ya usiku, huangalia taa za tahadhari zinazowaka, huuliza kwa nini. Halafu huzunguka na mchoro mkononi, akifuata bomba kuona kama vali inayotakiwa kuwa wazi iko wazi kweli. Kazi hiyo inachosha, lakini ndiyo yenyewe. Kule Three Mile Island, kituo cha nyuklia cha jimbo la Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979, vali mbili za maji ya dharura zilikuwa zimefungwa, na taa ya mojawapo ilifunikwa na kibandiko cha matengenezo. Ziligunduliwa dakika 8 baada ya ajali kuanza. Sizo zilizoyeyusha kiini cha kinu, ila zilizidi kuwavuruga waendeshaji. Mpango wa wakaguzi wakazi ulikuwa umeshaanza. Ajali hiyo ndiyo iliyousukuma ufike kila kituo.

Kuhusu kutiwa mfukoni: mshahara hulipwa na tume, hisa za kampuni za nyuklia haruhusiwi kumiliki, na kwa kawaida hakai kituo kimoja zaidi ya miaka 7. Mimi naogopa zaidi mazoea. Kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, mwaka 2002: asidi ya boroni, iliyomo kwenye maji ya kupoozea kinu, ilikuwa ikivuja, ikala chuma cha mfuniko wa kinu, unene wa takriban sentimita 17, ikabaki ngozi ya chuma cha pua isiyofika hata sentimita 1. Dalili zilikuwepo mapema. Vichujio vya vipima mionzi vilikuwa vikiziba kwa kutu mara kwa mara, vikabadilishwa, kazi ikaendelea. Wakaguzi walikuwepo. Uchunguzi wa NRC uliilaumu kampuni, ukailaumu na tume yenyewe.

Ndiyo maana mkaguzi mkazi hatoshi peke yake. Kinu kinapozimwa ili kubadilishiwa mafuta, wataalamu wa kulehemu na wa mionzi hutumwa kutoka kanda, watu ambao macho yao hayajakizoea kituo.

Kwenu Kenya, mamlaka ya kudhibiti nyuklia iliundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mradi wa kujenga kituo cha nyuklia ukisogea, waulizeni kama wakaguzi wao watakaa kituoni, na kwa miaka mingapi kabla ya kuhamishwa.