Dalili zimerudi baada ya hepesi ya ubongo

Pole sana, dada wa Kongwa. Mdogo wako aliugua hepesi ya ubongo, yaani virusi vya hepesi kushambulia ubongo, akamaliza siku 21 za asiklovia, dawa ya virusi ya mshipa, sasa wiki ya nne anaropoka, hapati usingizi, mdomo unachezacheza, nawe unauliza kama kuna tiba ya kutuliza kinga ya mwili. Ipo. Virusi vikishatulizwa, wakati mwingine kinga ya mwili hugeuka ikashambulia ubongo wenyewe. Hapo hospitali hutumia steroidi (dawa za kutuliza kinga), imunoglobulini (kingamwili za kuwekwa mshipani) au kubadilisha plazma (majimaji ya damu), na ikigoma, rituksimabu, dawa ya kupunguza seli za kinga. Lakini steroidi msinunue duka la dawa! Kwanza maji ya uti wa mgongo yapimwe, maana huenda virusi vimerudi. Msimpeleke kuombewa mapepo kwanza, nakuomba. Mpelekeni leo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na karatasi zake za kuruhusiwa. Akipata degedege njiani, ingieni hospitali iliyo karibu.